Makofi Yaliyokuwa Yako

Katuba, Élisabethville
Jumapili jioni

Mama yangu Felisita,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na kwa sababu sijui kama ningali na haki ya kukuita mwanangu. Uko upande wa pili wa ukuta huu. Nakusikia ukikunja nguo. Ningeweza kuinuka, nipige hatua sita, nikwambie haya kwa mdomo. Tangu nirudi kutoka baa kule Kamalondo nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili umechukua beseni ukatoka uani kama mtu aliyekumbuka kazi.

Kesho lori litakupeleka Kilwa yetu ya ziwani, kwa shangazi yako. Habari za barabara, za samaki, za baridi ya ziwa na za namna ya kuishi na shangazi mwenye hasira za haraka, mama yako amekwisha kukupa zote. Mimi sina la kuongeza hapo. Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa na Mapadri kule kaskazini, kwa kuwa kile chetu cha nyumbani ndicho nilichokutukana nacho mbele ya watu. Kila neno lake nikilishika leo linanikumbusha siku ile.

Nataka ujue jinsi jambo hili lilivyoanza. Mwisho wake unaujua kuliko mimi. Lakini ninaogopa, mama, ninaogopa sana, kwamba utaondoka ukiamini kuwa kile ulicho nacho vidoleni ni kitu kichafu kwa kuwa kilipitia kwangu.

Nilikuwa na banjo kabla sijamwoa mama yako. Nilijua akordi tatu, na wakati ule mtu wa akordi tatu alitosha kuchezesha watu Jumapili nzima. Siku moja nikapita mbele ya kibaraza cha Yona, fundi cherehani, mtu wa Nyasa aliyefanya kazi Johannesburg miaka mingi kabla ya kuja kushona huku. Cherehani ilikuwa imenyamaza, na banjo ilikuwa mapajani pake. Alipiga akordi ya sol, ile ile niliyoijua, ila hakuipiga yote kwa pigo moja. Aliivunja, noti moja moja, kutoka kamba nene hadi kamba nyembamba. Katikati ya safari hiyo kulikuwa na noti moja isiyokuwa ya pale. Nilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Kisha akatua kwenye do, na nikapumua.

Nikamwuliza, "Ile moja umekosa, baba?"

"Sikukosa," akasema. "Nimeipinda."

Akanieleza. Unachukua noti za sol, si, re, fa, yaani akordi inayotaka kurudi kwenye do. Halafu re unaiteremsha nusu hatua iwe re bemoli, na juu ya fa unaongeza la, nayo umeiteremsha vilevile. Ukizipiga zote kwa pamoja kwenye banjo, ni sufuria zinazoanguka. Ukizivunja, sikio linapata nafasi ya kuogopa kidogo, kisha linapata nafasi ya kutulia. "Banjo haiko gitaa," Yona alisema. "Sauti yake inakufaka mbio. Weye usingojee, ufuate na ingine."

Alitaka niimbe kila noti kabla ya kuitafuta kwenye kamba. Nikakataa. Niliona haya, mtu mzima niliyeajiriwa, kuketi kibarazani nikilia "re bemoli" kama mtoto wa katekisimu. Nikajifunza kwa vidole tu. Nilikariri mahali pa kukanyaga bila kujua ninachokanyaga. Ndiyo maana ilinichukua masika mawili kupata kile ambacho wewe ulikipata katika majuma machache, na ndiyo maana wimbo ukihamishwa kutoka do kwenda fa nilipotea kabisa, nikatoka jasho, nikasingizia kamba zimelegea.

Yona alipokuwa anarudi kwao aliniomba jambo moja, niwaonyeshe wapigaji wengine wa cité, mitaa yetu ya Waafrika. Nikasema ndiyo. Sikumwonyesha hata mmoja. Nilipofika kwenye mpindo ule wa Yona nilikuwa nageuza mwili, nikiwapa bega, wasione mkono wangu wa kushoto. Kasongo, mpiga gitaa wetu, unamjua alivyo mpole, alinisihi siku moja, "Bonifasi, ndugu yangu, unionyeshe ile ya kupinda." Nikamwonyesha ya uongo. Nilimpa vidole vya akordi isiyo na maana, akaenda nayo nyumbani kwake, akaifanyia mazoezi kwa bidii, akarudi akiwa na huzuni. "Haitoki sawa ya yako," akasema. Nikamwambia masikio yake mazito. Haya sijawahi kumwambia mtu, hata padri.

Halafu gari dogo la mawe likanikamata mkono kazini. Unakumbuka bendeji. Sina wa kumlaumu, nilikuwa natazama kwingine. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikapona ngozi tu, ndani vikafa. Kwa vidole viwili vilivyobaki pamoja na gumba niliweza kupiga zile akordi tatu za ujana wangu, basi. Na jina langu mjini halikuwa akordi tatu. Jina langu lilikuwa ule mpindo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo linaniuma kuliko mkono. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuita, nikaiweka banjo mapajani pako, nikaujaza mgongo wake matambara ili majirani wasisikie. Uliniuliza, "Baba, juu ya nini unanifunza miye, mutoto mwanamuke?" Nikakujibu, "Juu vidole yako iko mirefu." Ukacheka. Ulidhani ni utani wa baba anayempenda mtoto wake. Mama yangu, lilikuwa jibu la kweli lote. Nilihitaji vidole. Kama ungekuwa na vidole vifupi nisingekufundisha hata wimbo wa kanisa.

Nilikufundisha kwa ukali kwa sababu nilikuwa na haraka. Ulipokosa nilikugonga vifundo kwa mwiko. Hukulia. Ulikuwa unafanya jambo moja lililonichukiza, na sikujua kwa nini linanichukiza. Kabla ya kugusa kamba ulikuwa unaimba noti kwa sauti ndogo, re bemoli, la bemoli, ukishuka, ukipanda, kisha kidole kinaifuata sauti. Hakuna aliyekufundisha. Nilikuamuru unyamaze ukakataa kunyamaza, ukaanza kuimba kwa kupumua tu.

Na ile siku ya la bemoli. Ulianza akordi kutoka juu, kwenye noti ile iliyopindwa yenyewe, ukashuka kupitia fa na re bemoli hadi si, na sol hukuigusa hata kidogo. Nikapiga kelele kwamba umekosa, kwamba nyumba haianzwi kwenye bati. Ukaniambia polepole, "Gitaa ya baba Kasongo iko naipiga sol. Juu ya nini niirudilie?" Nikakugonga. Jumapili iliyofuata nilisikia ulichomaanisha. Gitaa ilikuwa chini, wewe ulikuwa juu, katikati pakabaki nafasi, na wachezaji waliingia katika nafasi ile kama maji. Mtu mmoja akaniuliza nilikuja kujifunza wapi mtindo ule mpya. Nikamwambia niliota.

Unajua jinsi tulivyofanya. Nyuma ya jukwaa la baa palikuwa na chumba cha kreti za bia, na pazia la kitenge mlangoni. Wewe uliingia mapema kwa mlango wa uani ukiwa na banjo ya Yona, ile aliyoniachia. Mimi nilikaa mbele na yangu, nimeshindilia kitambaa chini ya kamba zisilie. Nilichezesha mkono, nikafumba macho, nikatikisa kichwa. Jumapili baada ya Jumapili, mwaka mmoja na nusu. Kila wimbo ulipokwisha watu waliinuka, nami nikainama. Wewe ulikuwa umeketi juu ya kreti, katika harufu ya bia iliyomwagika, ukingoja wimbo unaofuata. Njiani tukirudi hukuwahi kuniambia umechoka. Siku moja tu uliuliza, "Balifurahi?" Nikasema, "Kidogo." Walikuwa wamepiga makofi mpaka mwenye baa akaogopa kwa ajili ya meza zake.

Kisha akaja yule Mzungu wa redio na mashine yake ya kunasa sauti. Nilijua tangu asubuhi kwamba nisiende. Nikaenda, kwa kuwa nilitaka sauti yangu itoke Élisabethville iende mbali. Nasema sauti yangu. Alituweka, akasikiliza, akasogeza chombo chake karibu na Kasongo, akaridhika. Akakisogeza karibu na mimi. Akakunja uso. Akakisogeza zaidi, kikawa kama shibiri moja kutoka kwenye banjo. Halafu akainua mkono bendi nzima inyamaze. Bendi ikanyamaza. Mimi nikaacha kuchezesha mkono.

Banjo ikaendelea. Wewe hukuona mkono wake kutoka nyuma ya pazia. Uliendelea, ukishuka kutoka la bemoli noti moja moja, peke yako, katika ukimya wa watu mia. Sijawahi kuisikia ikipigwa vizuri vile. Ukamaliza kwenye do na ndipo ukatambua.

Mzungu alichomoa kitambaa chini ya kamba zangu kwa vidole viwili, akakionyesha watu. Hakucheka. Akauliza, "Nani iko napiga?"

Ukafungua pazia ukatoka. Ulikuwa na banjo kifuani na vumbi kwenye magoti. Ulinitazama mimi, hukumtazama mtu mwingine. Yule Mzungu akavuta kiti akakiweka mbele ya mashine, akakuonyesha kwa mkono ukae. Ulikuwa unangoja niseme neno moja. Nikilala nayaona yale macho. Nikisali nayaona.

Nikasema, "Mi sikumutuma huyu. Anajifichaka mule ndani juu ya kukutana na banaume."

Nilisema hivyo, Felisita. Nimeandika hapa ili usije siku moja ukadhani ulisikia vibaya, au kwamba kuna mwingine aliyesema. Nilikuwa na maneno mengi ya kuchagua, na ningeweza hata kunyamaza. Nikakunyang'anya banjo mbele ya kile kiti kitupu. Mzungu akakusanya nyaya zake akaenda. Hakunasa wimbo hata mmoja.

Yaliyofuata uliyabeba wewe peke yako. Masista wa shule ya kushona walimwita mama yako, wakamwambia usirudi, maana wasichana wengine wana wazazi. Mjomba wa Leoni, yule kijana wa relwe aliyekuchumbia, akaja akaketi kwenye kiti hiki ninachokikalia sasa, akasema maneno machache ya adabu, akachukua kofia yake. Leoni mwenyewe hakuja. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wakinyamaza ukifika. Na mimi nilikuwa nakwenda kazini, narudi, nakula chakula ulichopika wewe. Miezi minane. Hukunisemesha neno hata moja, na sikukusihi useme, maana nilijua neno lenyewe lingekuwa lipi.

Juma lililopita nilikuona ukipepeta unga uani. Mkono wako wa kulia ulishika ungo. Vidole vya kushoto vilikuwa vinatembea ukingoni, juu, chini, kimoja kikisubiri kingine. Nilizijua noti zote. Nikarudi ndani nikakaa kitandani kama mtu aliyepigwa. Nilikuwa nimejiambia kwamba umeacha, na kwamba ukiacha basi na kosa langu litakwisha. Kumbe huwezi kuacha. Kumbe kosa langu linapiga banjo bila banjo, mchana kutwa, katika nyumba yangu.

Kwa hiyo leo nikaenda Kamalondo. Sikumwambia mama yako. Baa ilikuwa imejaa, Kasongo anaongoza bendi sasa. Wimbo ulipokwisha nikapanda, nikamwomba nafasi ya kusema. Nikawaambia wote. Kwamba mwaka mmoja na nusu hawakunisikia mimi, walimsikia binti yangu. Kwamba mimi ndiye niliyemweka mule ndani. Kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuingia chumba kile isipokuwa mwenye baa kuchukua bia. Kwamba nilisema uongo.

Nilidhani ukweli ukisemwa unatosha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Muzee amelewa, mumushushe." Na mwanamke mmoja, wala hakusema kwa ubaya, alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonimaliza, "Mumuache. Baba iko anafunika haya ya mutoto wake."

Unaelewa, mama? Uongo wangu waliuamini mara moja, kwa pumzi moja. Ukweli wangu wakauona ni upendo wa baba. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Nikaomba banjo. Kijana mmoja akanipa yake. Nikawaambia watazame mkono wangu wa kushoto, nikakaa uso kwa uso nao, sikugeuza bega. Nikajaribu ule mpindo. La bemoli ikatoka. Fa ikatoka nusu. Kwenye re bemoli kidole kilichokufa kikaanguka juu ya kamba kikaizima. Nikaanza tena. Ikazima tena. Wakaanza kucheka. Mara ya tatu, mara ya nne, nikawa ninalia na kuendelea, wakaacha kucheka. Sijui nilijaribu mara ngapi. Mwishowe zilisikika kamba zinazokufa tu.

Ndipo Kasongo akaweka gitaa chini. Akasema, "Iko anasema kweli. Mi nilikuwa najua. Siye bote ba bendi tulikuwa tunajua, tulinyamaza juu baa ilikuwa inajaa. Ile mutoto hana kosa." Wapo walioinamisha kichwa. Wapo waliosema ni maneno ya baa. Mjomba wa Leoni alikuwa pale mlangoni, akatoka bila kunitazama, na siwezi kukudanganya kwamba atarudi hapa na kofia mkononi. Mji huu utaendelea kusema itakavyo. Nimefungua mdomo nikiwa nimechelewa miezi minane, na kilichovunjika hakikuungwa.

Kabla sijaondoka nilimshika Kasongo, nikamwambia ile akordi niliyompa zamani ilikuwa ya uongo. Nikamwimbia ya kweli. Kwa sauti, pale, mtu mzima mwenye machozi, si, re bemoli, fa, la bemoli. Alisikiliza kwanza. Halafu akasema, "Miaka kumi na mbili, Bonifasi."

Mama yako anasema hutaki kuichukua banjo ya Yona. Sikulazimishi kitu tena maishani. Lakini nisikilize kama unavyomsikiliza mtu anayezama. Kama ni kwa ajili ya kuniadhibu, niadhibu kwa lolote lingine. Usiseme nami tena, usiandike, waambie watu wa Kilwa baba yako alikufa. Ila piga. Piga polepole, uimbe kwanza kama ulivyokuwa unaimba, kwa maana hilo ndilo nililokuzuia na ndilo lililokuwa sahihi. Chukua ule mpindo uupeleke kwenye fa, kwenye si bemoli, huko nilikokuwa napotea. Usiipige kwa nguvu noti iliyopindwa, mimi niliigonga siku zote ili watu waione. Keti mahali panapoonekana, uani kwa shangazi, mchana. Atakayetaka kuona mkono wako, mwonyeshe. Na akitokea mtu, hata awe nani, akikuambia ukae nyuma ya pazia kwa ajili ya heshima yake, mwache na heshima yake.

Sikuombi unisamehe. Nimeandika neno hilo juu ya karatasi nyingine nikalichana, kwa sababu niliona ni kama kukutuma kazi nyingine.

Nimeacha kalamu kidogo. Mama yako ameingia sasa hivi. Jirani aliyetoka baa amepita uani na kukusimulia yote, jinsi nilivyosema, jinsi nilivyoshindwa. Nikamwuliza mama yako umesema nini. Hakutaka kuniambia. Nikamsihi.

"Amesema, 'Amekawia,'" akaniambia. "Njo ile tu. Akarudilia kukunja nguo."

Ndiyo, nimekawia. Ni kweli. Lakini ni neno, Felisita, na umelisema juu yangu, baada ya miezi minane. Nimeketi nalo hapa. Sithubutu kuinuka.

Baba yako,
Bonifasi